Mbegu Thelathini za Murembe

Kibomet, Kitale
8 Machi 1987

Kwa dada yangu Wilkista,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa najua wewe huketi. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Cherop anaendelea na maziwa yake, watoto wako shuleni, na goti langu bado linatabiri mvua kuliko redio. Mvua yenyewe haijaja. Watu wa Saboti wamelima wakamaliza, sasa wanatazama mawingu tu.

Nasikia Nakhungu, binti wa marehemu ndugu yetu, amepata kazi ya kufundisha. Mwambie baba yake mdogo amefurahi sana. Mama yake Jerono pia msalimie, kama bado anapokea salamu zangu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Mzee Gicheru, mwenye nasari ya miche ninayofanyia kazi, alikuwa na rafiki Mjapani, mwalimu wa kujitolea. Mwalimu huyo alipomaliza miaka yake miwili akarudi kwao, akatuachia masinia ya udongo, makasi madogo, waya, na miti minne. Dada, kuna mkuyu wa miaka sita unaoenea kwenye karai! Una shina lililokunjamana, una mizizi iliyotokeza juu, una kila kitu cha mkuyu isipokuwa ukubwa. Wenyewe wanauita bonsai. Gicheru alitaka kuitupa miti yote minne. "Wewe Wepukhulu, hii ni miti imenyimwa chakula, halafu ati ni urembo?" Nikamwomba aniachie mimi. Basi nimenasa, hata Cherop ananicheka.

Mwalimu alikuwa akisema mti unaoujua vizuri ni ule uliouotesha mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda Saboti nikaokota mbegu ishirini za murembe, nikazipanda kwenye mchanga kama mtu anayepanda maharagwe. Mwezi mzima kimya. Nilipozifukua nilizikuta nyekundu na ngumu vilevile, hata kuoza zimekataa. Baadaye nikaelewa kuwa ganda lake halipitishi maji. Inabidi ulisugue kwa tupa upande mmoja mpaka uone weupe, kisha uloweke. Hata hivyo zilizoota ni tatu tu, na moja imekwisha kufa.

Ninachoomba ni kidogo. Niokotee mbegu za murembe wa nyumbani, ule ulio juu ya kisima. Ziweke kwenye bahasha, zitafika.

Ndimi ndugu yako,
Eliakim Wepukhulu


Bungoma
2 Mei 1987

Kwa Eliakim,

Barua yako niliipata kabla ya Pasaka. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kupanda, na kwa sababu sikupenda ulichoandika.

Hapa tu salama. Mvua imekuja, mahindi yamefika magotini. Nakhungu anafundisha darasa la tatu, mshahara haujatoka lakini anatembea kama mkaguzi wa shule. Jerono nilimpa salamu zako. Alisema asante, akaendelea kuchambua mboga.

Sasa nikuulize: murembe ni mchicha? Mti ambao babu zetu waliapia, mti ambao mtu akipita na shoka analihamishia bega la upande wa pili, wewe unataka kuutia kwenye karai, uukate mizizi, uufunge waya kama mbuzi wa mnada! Huko Kitale mmekosa miti mingine? Panda mparachichi. Panda chochote ambacho hakijasikia maneno ya watu.

Tena, kutoka huko hadi hapa ni safari ya asubuhi moja. Mbegu zimejaa chini ya mti, watoto wanachezea. Ukizitaka, njoo uinamishe mgongo wako uokote. Mara ya mwisho kukuona nyumbani ni mwaka wa sabini na sita. Watu wanauliza, nami nimechoka kusema goti.

Dada yako,
Wilkista


Kibomet, Kitale
24 Mei 1987

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili na nimecheka pale kwenye mbuzi wa mnada. Cherop anakusalimu, amekutumia kitambaa cha kichwa, atakuletea mama mmoja wa kanisa anayekuja Kanduyi. Mtoto wetu wa pili alikuwa na surua, sasa amepona na anakula kuliko wenzake.

Umeniuliza kwa nini murembe. Nitakujibu bila kuzunguka, maana sisi wawili hatujawahi kulitaja jambo hili.

Unakumbuka mwaka wa sabini na tano, makonge ya mpakani yalipoonekana yamesogea hatua tatu ndani ya shamba la ndugu yetu Wabwile. Alisema mimi ndiye niliyeyahamisha. Mimi nikasema ni yeye, anatafuta sababu ya kunipunguzia shamba. Wazee wakatupeleka kwenye murembe. Kanisani tunafundishwa ndiyo yetu iwe ndiyo, lakini siku ile wanaume wote waliacha Biblia nyumbani. Wabwile akachoma shina kwa ncha ya mkuki akaapa. Nami nikachoma nikaapa. Haukupita mwaka, Wabwile akafa kwa tumbo, na ukoo mzima ukasema mti umemtambua mwongo.

Tangu siku hiyo naogopa mti ule, dada. Mimi niliyeshinda kesi ndiye ninayeuogopa. Ninauota una ukubwa wa mlima. Nilipoona ule mkuyu ndani ya sinia nilijiambia, kumbe hata mti mkubwa unaweza kushikwa kwa mikono miwili. Nataka niuone murembe wetu ukiwa mdogo. Nataka niumwagilie maji kwa kikombe, nione ni mti tu.

Mbegu za mti mwingine hazitanifaa kwa hilo. Tafadhali.

Eliakim


Bungoma
19 Julai 1987

Kwa Eliakim,

Hatujambo. Kitambaa nilikipata, mwambie Cherop rangi amepatia. Nilikivaa kanisani mama mchungaji akageuka mara tatu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Na kuna kijana mmoja mwalimu, watu wake ni wa Kimilili, amekuwa akimsindikiza Nakhungu kutoka shuleni. Jerono anajifanya haoni. Mtoto ametulia, ana bidii, na tangu baba yake afe hajawahi kupata sherehe yake mwenyewe. Namwombea.

Mbegu hizo hapo, thelathini, kwenye mkebe wa hamira. Nimezisafisha vizuri. Sitaki kuandika mengi juu yake. Zisipoota, usiniombe tena, ujue ni Mungu amekataa.

Wilkista


Kibomet, Kitale
16 Agosti 1987

Dada yangu Wilkista,

Kaa chini kwanza. Zimeota!

Nilizipokea tarehe ishirini na saba. Kumi na tano nilizisugua kwa tupa, nikaziloweka. Kumi na tano nikazipanda hivyohivyo, nizilinganishe. Siku ya sita mchanga ukapasuka. Nilidhani ni zile za tupa, kumbe hata zile ambazo sikuzigusa zilikuwa zikisukuma vichwa pamoja nazo. Kufikia juzi nimehesabu miche ishirini na saba. Shina ni nene kama kidole cha mtoto, na majani yanakuja matatumatatu, laini kama masikio ya ndama.

Nilimwita Mzee Gicheru aone. Akaokota ganda moja, akalikwaruza kwa ukucha, akacheka. "Hii ilimwagiwa maji moto, bana. Watu wa misitu ndio wanajua hiyo kitu. Mbegu ngumu, unamwagia maji yamechemka, unaacha ipoe pole pole, ganda linafunguka. Si utuletee huyo dada yako hapa nasari?" Nikamwambia dada yangu hajawahi kufanya kazi ya misitu.

Nani alikufundisha? Hukuniambia. Ulisema umezisafisha tu, kumbe wewe ni fundi kutushinda wote.

Nimechagua miche mitano iliyo mizuri zaidi. Ikifika kiganja kimoja nitaikata mzizi mkuu na kuitia kwenye sinia. Mingine nitampa Gicheru. Nieleze habari za Nakhungu na yule mwalimu. Watu wa Kimilili wamekuja?

Eliakim


Kibomet, Kitale
29 Novemba 1987

Kwa Wilkista,

Hii ni barua ya tatu tangu mbegu ziote. Ile ya Oktoba hukuijibu, nayo ya Agosti hukuijibu. Kama ni mgonjwa, mwambie Nakhungu aniandikie mstari mmoja. Kama nimekukosea, niambie kosa lenyewe.

Sisi ni wazima. Mavuno ya huku ni mazuri, magunia yanalala hata kwenye veranda za maduka.

Wiki iliyopita niliamua kukata mizizi. Kazi yenyewe ni rahisi. Unaung'oa mche taratibu, unaosha udongo, unaona mzizi mkuu umeshuka chini moja kwa moja, nayo mizizi midogo imejitandaza pembeni. Unakata ule mkuu, unabakiza midogo, ndipo mti ukubali kuishi kwenye udongo wa vidole viwili. Nimeshafanya hivyo kwa mikuyu na miti mingine mingi. Niliuosha mche wa kwanza, nikaushika, nikaweka makasi. Mkono ukakataa. Gicheru alinipita mara mbili nikiwa nimesimama palepale. Mwishowe nikaurudisha ardhini mzima, nikasingizia makasi hayana makali.

Niandikie, dada. Hata kama ni matusi.

Eliakim


Bungoma
14 Februari 1988

Kwa ndugu yangu Eliakim,

Mimi si mgonjwa. Barua zako zote nilizipata. Ile ya Agosti niliisoma, nikaiweka chini ya Biblia, nikaenda kupalilia shamba lililokwisha kupaliliwa.

Nianze na Nakhungu. Watu wa Kimilili walikuja Desemba, tarehe kumi na mbili. Walikuja wazee watano na kina mama wanne. Jerono alikuwa amechinja kuku watatu, nyumba imesiribwa upya, na Nakhungu amejificha jikoni kwa aibu. Mazungumzo yalianza vizuri. Halafu mzee wao mmoja, macho hayaoni vizuri lakini masikio yapo, akauliza, "Huyu ni mtoto wa Wabwile gani? Si ni ule wa murembe?" Wazee wetu wakatazamana. Yule mzee akasema, "Basi sisi hatuwezi kupeleka damu ya mtu wa kiapo kwa boma yetu." Wakasimama wote. Chai ilibaki kwenye vikombe.

Jerono hakulia. Alimwaga ile chai, akaosha vikombe kimoja kimoja, akavipanga. Shule zilipofunguliwa Januari Nakhungu alirudi kufundisha, na kijana anapita njia nyingine.

Sasa nisikilize. Uliuliza nani alinifundisha kumwagia mbegu maji moto. Hakuna. Nilitaka kuziua. Niliziweka kwenye bakuli la bati, nikazimwagia maji yaliyokuwa yanatokota, nikazifunika mpaka asubuhi. Nilijiambia nitakutumia mbegu zilizokufa, utapanda, utachoka, utaniacha. Sikutaka mti ule uote tena mahali popote, ukiwa mkubwa au ukiwa mdogo. Kisha wewe unaniandikia kwamba zimeota karibu zote, hata zile ambazo hukuzigusa. Gicheru wako ana maelezo yake ya watu wa misitu na huenda ni kweli. Mimi nilielewa kwamba nimekanywa.

Makonge niliyahamisha mimi, Eliakim.

Yalikuwa saba. Niliyang'oa alfajiri moja mwezi wa nne, udongo ukiwa laini, nikayapanda tena hatua tatu upande wa Wabwile, nikazoa majani makavu nikafunika mashimo. Nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume bila mtoto wala chungu, ukanipa pa kujenga kwenye shamba lako, na shamba lako lilikuwa jembamba. Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba nilifanya kwa ajili yako, kwa sababu mama alikufa ukinyonya na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Si kweli. Nilitaka mahali pa kupanda sukuma wiki zangu. Nilifikiri hakuna atakayegundua hatua tatu. Mlipopelekwa kwenye mti nilikuwa nimesimama na wanawake wengine. Nyote wawili mliapa kweli. Mti haukuwa na mtu wa kumshika, na Wabwile akafa kwa ugonjwa wa tumbo kama watu wengine wanavyokufa, tukamzika siku hiyohiyo kama mwizi. Hakuna aliyekaa matanga. Hakuna aliyenyoa kichwa.

Nimemwomba mchungaji na wazee wa ukoo tukutane Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe tisa Aprili. Nitasema mbele ya wote, na watu wa Kimilili wataitwa wasikie. Wewe usihangaike kuja. Ulikuwa hujui lolote, na mzigo huu si wako.

Dada yako,
Wilkista


Kibomet, Kitale
20 Machi 1988

Kwa Wilkista,

Salamu kutoka kwetu. Watoto wanaendelea vyema. Cherop ana mafua kidogo.

Nimesoma uliyoandika. Nakuomba ufikirie tena kabla ya tarehe tisa. Mambo haya ni ya zamani, na wazee wengi waliokuwepo wamekwisha kufa. Neno likitoka mdomoni halirudi. Ukisema, utaishi wapi? Utanunua chumvi kwa nani? Nakhungu ni kijana, ana elimu, atapata mtu mwingine, hata kutoka mbali, ambako hawajui habari za miti.

Goti linanisumbua na Gicheru ana kazi nyingi za msimu. Sitaweza kuja. Ngoja kwanza, tuzungumze vizuri siku nyingine.

Eliakim


Bungoma
12 Aprili 1988

Kwa ndugu yangu Eliakim,

Barua yako ya Machi ililetwa jana Jumatatu, siku mbili baada ya shughuli. Nashukuru ilichelewa. Huenda ningekutii.

Walitaka tukutane kwenye murembe, nikakataa. Nilisema tukutane mbele ya mlango wa Jerono. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, na kutoka Kimilili walikuja wawili, yule mzee na baba ya kijana. Mchungaji aliomba. Kisha nikasimama, nikasema yote jinsi nilivyokuandikia, hadi sukuma wiki. Nilisema na maji moto pia. Kuna mtu alitaka kucheka, akaona nyuso za wengine akanyamaza.

Mzee mmoja wa ukoo aliniuliza, "Wilkista, miaka hiyo yote si ulikuwa unakula na sisi?" Nikasema ndiyo, nilikuwa nakula nanyi. Wengine wakaanza kunong'ona juu ya ng'ombe wa kusafisha boma, wangapi, watoke wapi.

Jerono alikuwa ameketi kizingitini. Unajua yeye si wa maneno, tangu aletwe kutoka Cheptais akiwa msichana, hana ndugu wa kumsemea hapa. Alinyoosha mkono wakanyamaza. Nakuandikia alivyosema, maana sitasahau.

"Siku alikufa, aliniita. Akaniambia, Jerono, mimi sikuhamisha. Na mimi nikanyamaza. Sikumwambia nakuamini, kwa sababu sikuwa naamini. Nilifikiria wazee hawawezi kosea, mti hauwezi kosea. Hiyo miaka yote nimekuwa nikiuliza Mungu kwa nini huyu mwanaume alinidanganya hata akikufa. Sasa mnaniambia ng'ombe. Mimi sitaki ng'ombe. Mimi nataka mnyolewe."

Basi tulinyolewa, Eliakim. Kwenye kaburi lake, mchana kweupe, baada ya miaka kumi na miwili. Wembe mpya ulitoka dukani. Nilitangulia mimi. Wakafuata wazee, hata yule mwenye upara alitoa nywele zake chache. Halafu Jerono akaangua kilio alichonyimwa, na sisi tukalia naye, na Nakhungu, ambaye alikuwa bado mtoto baba yake alipokufa, akamlilia kwa jina lake. Sijui kama amenisamehe. Jioni aliniletea uji, akauweka chini, akaondoka. Niliunywa.

Watu wa Kimilili watarudi mwezi wa nane. Yule mzee mwenyewe ndiye aliyeomba.

Sasa jambo linalokuhusu wewe. Nilisema mbele ya watu wote: Eliakim hakujua. Niliapa kwa Mungu, sikujali mafundisho. Nilisema mdogo wangu aliacha shamba lake akaenda kuwa kibarua Kitale kwa uchungu wa ndugu yake, wala hakuhusika hata kidogo. Jerono alisikiliza, akasema, "Basi mwite arudi. Nakhungu hana baba. Yeye ndiye atakaa kwa kiti ya Wabwile siku ya kupokea wageni." Ukoo wote ukakubali.

Njoo nyumbani, ndugu yangu. Hakuna cha kuogopa tena.

Dada yako mwenye kichwa kitupu,
Wilkista


Kibomet, Kitale
23 Aprili 1988

Kwa dada yangu Wilkista,

Leo sina salamu. Nilianza kuandika za kawaida, nikazifuta.

Nilikuona.

Alfajiri ile ndama alikuwa amekata kamba, nikatoka kumtafuta. Nilikuwa nyuma ya ghala. Nilikuona umeinama na konge la tatu mikononi, umefunga leso kiunoni. Nilijua unachofanya. Ningeweza kukohoa tu, ungeacha. Nilirudi ndani nikalala na macho wazi, nikaanza kupima akilini mwangu hatua tatu ni mistari mingapi ya mahindi.

Kwenye murembe niliapa hivi: sikugusa konge hata moja. Kila neno lilikuwa kweli. Maneno hayo niliyachagua njiani nikipanda kwenda kwenye mti. Wabwile alipomaliza kuapa alinitazama, nami nikatazama mkuki.

Kuna jingine ambalo Cherop mwenyewe hajui. Siku tatu kabla hajafa Wabwile aliniita. Alikuwa amekonda, tumbo limejaa. Alisema, "Eliakim, mimi sikuhamisha. Wewe unajua ni nani?" Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anaomba mtu mmoja tu amwambie kwamba hakuwa mwongo. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikasema, "Sijui." Akageukia ukutani. Dada, wewe ulikosa ukiwa na hofu. Mimi nilikosa nikiwa nimetulia, mara mbili, usoni pa ndugu yangu.

Ndiyo maana nilitaka murembe wa kwenye sinia. Nilidhani mti ukiwa mdogo, nilichokifanya chini yake nacho kitapungua. Ile miche mitano ina majani mengi sasa, urefu wake hauzidi magoti yangu. Kila asubuhi naimwagilia nikiwa nimegeuza uso. Na barua ile ya Machi niliyokuandikia, kwamba usiseme, haikuwa kwa ajili yako. Niliogopa ukianza kuvuta uzi, utafika kwangu.

Wewe umesimama ukasema. Umenyolewa. Halafu ukaniapia kwa Mungu, na sasa wananiwekea kiti cha Wabwile. Siwezi kukikalia kiti hicho, Wilkista. Jerono akinitazama akidhani mimi ni mtu safi, nitakuwa nimesema "sijui" mara ya pili.

Barua hii nimempa yule mama wa kanisa anayekuja Kanduyi, isichelewe kama ile ya Machi. Ukimaliza kuisoma, usiichome. Mpelekee Jerono. Usimsomee wewe, maana najua utaruka mistari. Mwache asome mwenyewe mpaka mwisho, kisha asome na Nakhungu. Mimi nitakuja Jumamosi ya tarehe thelathini na basi la kwanza, na sitaingia ndani ya ua mpaka Jerono aniite. Akinifukuza, nitaondoka. Akitaka niseme mbele ya watu wa Kimilili, nitasema. Na akianza kunena, hata kama ni maneno ya kunivunja, nakuomba jambo moja ambalo sijawahi kukuomba tangu uliponibeba mgongoni.

Usinitetee.

Ndugu yako,
Eliakim